Shusha Kidevu

Nakumbuka alasiri moja ya harusi hapa Malindi, mwanangu, nilipopigana na sauti moja ya nai mbele ya mtu niliyetaka awe mkwe wangu, na sauti ikanishinda.

Nai, kama hujawahi kuishika, ni filimbi ya tete tu. Sauti zake nyingi ni kazi ya vidole. Lakini katika nyimbo zetu za taarab ipo moja, ya tatu kutoka chini, isiyo na tundu lake. Inakaa katikati ya sauti mbili kama mgeni asiyeambiwa akae wapi. Ukiitaka, unaziba nusu ya tundu, unashusha kidevu, unapunguza pumzi, unasikiliza. Mimi nilikuwa napuliza kwa nguvu, basi kila siku ikapanda.

Nikajifunza ujanja. Ikikaribia, nafumba macho, natikisa kichwa, nakunja uso kama niliyefiwa. Wanawake wanapiga vigelegele wakidhani mapenzi yananiua. Na kweli yalikuwa yananiua, maana nilikwishapeleka posa kwa Maalim Khatibu, mpiga fidla wetu mkuu, nikimtaka binti yake Zuwena. Mzee alimjibu mshenga wangu neno moja tu: "Mwambie nnamsikiliza."

Siku hiyo nikapewa kufungua wimbo peke yangu, na Zuwena amekaa mbele kabisa. Ilipofika ile sauti nikafumba macho kama kawaida. Maalim akaiweka sauti ya kweli kwenye fidla, taratibu, chini ya yangu, akaishikilia. Ukumbi mzima ukasikia zinavyogombana. Nikaongeza pumzi. Mzee hakutikisika. Nikaongeza tena, mishipa ya shingo ikanisimama, mpaka bibi mmoja akasema, "Jamani, mpeni maji huyu kijana." Pumzi ikaniishia. Kidevu kikaanguka chenyewe kwa kuchoka, sauti ikateremka ikakutana na ile ya fidla, zikawa moja. Watu wakacheka huku wanashangilia. Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye Maalim akaniita barazani.

"Naam, Maalim. Shikamoo."

"Marahaba. Umepaona inapokaa?"

"Nimepaona."

"Basi. Kukosea kwako nshakuzoea. Kinachonikera ni kule kufumba macho. Mtu akikosea kisha akajitia huzuni, mkewe atamsikiliza saa ngapi? Ndoa imejaa sauti kama ile."

Mzee alinipa binti yake, lakini baada ya kuniweka ubavuni mwake mwaka mzima, naitafuta sauti ile macho wazi.

Leo mna simu za kukuonyesheni sauti ikipanda na ikishuka. Zitazameni, sikatazi. Ila panapokuwa pagumu, mwanangu, usiongeze nguvu, ongeza sikio. Ukikosea usijipambe, maana mficha uchi hazai. Na mwenzako akikuwekea sauti ya kweli chini ya yako, usimchukie. Hakuaibishi, anakungoja.

Mimi mpaka leo nikipandisha sauti nyumbani kwa sababu ya chumvi, Bi Zuwena hagombani nami. Huko huko jikoni, midomo kaifumba, huivuma ile sauti ya tatu kwa pua, nami nikashusha kidevu nikala. Mungu akupe pumzi ndefu, sikio jepesi, na mtu wa kukuvumia hivyo hata uzeeni. Amin.