Shavu Lililokwenda Ulaya Badala ya la Babu

Hili nawasimulia mnicheke usoni kabisa, maana kisogoni mtaa mzima wa Usagara ulishanicheka, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu, tena kwa furaha.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshashika, mitumba imejaa, mashamba ya mkonge yamelala, na simu ya mkononi akiwa nayo mtu mmoja basi mtaa mzima watoa namba yake. Mie nililelewa na Babu Bakari, baba wa mama yangu, tangu sijaota meno. Babu alijaliwa mabinti watupu, kwa hiyo akanifanya ndiye mwanawe wa kiume, shuleni nikaandikwa Saidi Bakari, na hadi namaliza la saba nilishajiona Bakari kweli kweli.

Babu alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko chai ya tangawizi, kwamba babu wa babu yake alikuwa Mshirazi, aliteremka Tanga na kilemba chake na paka mweupe (paka huyo hakukosekana hata siku moja). Bwana Karim, jirani yetu Mhindi mwenye duka la pembeni, aliisikia miaka thelathini, na kila mara alimjibu vilevile: "Mzee Bakari, mie wangu walitoka Kachi, karatasi ninayo kabatini. Wako ana karatasi?" Babu hutema tambuu, na mie roho huniuma.

Basi Mama mdogo Zuhura, muuguzi huko Uingereza, akapiga simu kwamba kuna kipimo cha DNA, mtu anasugua pamba ndani ya shavu, anaipeleka kwa posta, anaambiwa ukoo wa baba zake ulianzia wapi. Yeye hakimfai, kinataka mwanamume, maana alama hiyo baba humpa mwana wa kiume peke yake. (Hapo ndipo ningetega sikio, lakini mie kwa mawazo nilishafika Uajemi, binamu zangu wamenipokea na sinia la tende.)

Kifurushi kikaja na vijiti viwili vya pamba. Cha kwanza kikatoka kinywani mwa Babu chekundu kama kang'olewa jino, ndiyo tambuu hiyo. Nikamsihi asukutue na akae saa nzima bila kutafuna kitu, akakubali kwa kununa, akapitiwa na usingizi kitini. Ilikuwa Jumamosi, posta yafunga mchana, na usingizi wa Babu haukatizwi. Nikajiambia, kwani mie si damu yake? Nikasugua shavu langu, nikafunga bahasha, nikaipeleka. Kajambo kenyewe ndiko hako, kadogo kama kijiti.

Majibu yalirudi wiki ya Idi. Sikuyafungua, nilitaka Bwana Karim awepo Babu akipata karatasi yake. Idi pili nyumba ikajaa, Babu kavaa kanzu mpya, kaketi kama bwana harusi. Baba yangu mzazi naye, Mzee Mhina, akaja kutoka Muheza na kapu la machungwa kama kila Idi. Ni Mbondei, mkulima, mtu wa maneno machache. Nikamwamkia shikamoo, nikamkalisha mlangoni karibu na viatu vya watu (hilo nalikumbuka kuliko yote). Kisha nikasimama nikatangaza kwamba leo tutajua sisi ni nani, sisi watu wa Shirazi. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, hivyo jirani yetu Mwalimu Rehema ndiye aliyesoma.

Akasoma, akasita, akarudia kwa macho tu. "Wanasema ukoo wa baba wa mtu huyu ni wa Wabantu, wa hapa hapa Afrika. Alama ya Uajemi hawakuiona."

Niliuona mkono wa Babu ukipapasa kijaluba cha tambuu na kukikosa, na kilikuwa mbele yake. Bwana Karim hakucheka. "Mashine nazo hukosea, Mzee," alisema polepole, na huruma ile ilimwinamisha Babu kuliko utani wa miaka thelathini. Sikuweza kuvumilia. Nikasema, kwa sauti ya mbu, kwamba ile pamba haikuwa ya Babu, ilikuwa yangu.

Babu akainua kichwa. "Ulisugua shavu lako wewe?"

"Ndiyo, Babu."

"Na wewe baba yako nani?"

Wallahi kabla sijajibu vichwa vyote viligeukia mlangoni. Babu ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Bwana Karim, kisha nyumba nzima, hata Mwalimu akajifunika uso kwa bahasha. Baba hakucheka. Alimaliza kwanza kumenya chungwa lake.

"Ungeniuliza, mwanangu," alisema. "Nipo Muheza tu."

Babu akaacha kucheka. Akainuka, akamshika Baba mkono, akamleta mbele akamkalisha ubavuni pake, na mie nikatumwa kugawa machungwa.

Babu hakupimwa tena. Bwana Karim akimchokoza, humjibu, "Iliyokuja ni karatasi ya Mhina. Yangu iko njiani," na hivyo ndivyo alivyosema hadi Mungu alipomchukua, paka wake mweupe akiwa salama.

Mie baada ya Idi nilikwenda Muheza nikakaa siku kumi, Baba akanitembeza kwenye makaburi ya baba zake, akinitajia kila mmoja kwa jina. Siku hizi naandika Saidi Mhina, na mtu akinijia na pamba, nafumba kinywa.