Nilivyomtafsiria Aabo kwa Daktari

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja hapa Galbet, na nina tabia mbaya: siwezi kuacha neno likae vibaya. Mwanafunzi akiniambia "bicha" badala ya "picha", namsahihisha mpaka anajuta kufungua mdomo. Kwa hiyo baba yangu alipohitaji mkalimani, hakuna aliyeuliza nani ataenda naye.

Namwita Aabo, yaani baba kwa Kisomali, naye huniita Aabo vilevile. Akina baba wa kwetu huwaita watoto kwa jina lilelile wanaloitwa wao. Alikuwa mfugaji kule Lafey hadi ukame ulipomaliza ngamia wake, ndipo akaja kuishi kwangu na kuingia mjengoni kubeba mawe pamoja na vijana. Siku moja kamba ya kupandishia mawe ilikatika, jiwe likampiga bega la kulia. Mfupa uliunga. Aliweza kukunja mkono na kuunyoosha, na kwa kumtazama ungesema amepona. Nilimwona akidondosha wali wakati wa kula, nikadhani ni uzee.

Afisa wa kazi alitueleza kwamba fidia inategemea fomu, na fomu inamtegemea daktari: ni lazima aandike kama mkono umepata ulemavu wa kudumu. Tukaenda.

"Mzee anaendeleaje? Kuna mahali bado panamsumbua?" daktari aliuliza.

Nikamgeuzia Aabo swali kwa Kisomali. Aabo akaweka kofia yake sawa, akajibu kama anavyomjibu kila mtu tangu nimjue: Alhamdulillah, hakuna shida. Kwetu mtu mzima hamwagi maumivu yake mbele ya mgeni. Anamshukuru Mungu kwanza, na anayemjali humuuliza tena na tena mpaka aseme. Mimi nalijua hilo kuliko daktari yeyote. Lakini mwalimu ni mwalimu, nikatafsiri neno kwa neno.

"Anamshukuru Mungu. Anasema hana shida yoyote."

Nje kulikuwa na foleni ndefu. Daktari aliandika mstari mmoja, akagonga muhuri.

Barua ilikuja ikisema hakuna ulemavu wa kudumu, kwa hiyo hakuna fidia. Niliisoma mara mbili, nikairudisha kwenye bahasha. Nilingoja hasira, haikuja. Nikaenda kufundisha vipindi vyangu vitatu, kisha nikanunua maziwa.

Wiki hiyohiyo nilimmiminia Aabo chai kutoka kwenye chupa, kwenye kikombe cha bati. Alikikumbatia kwa kiganja cha kulia huku akinisimulia habari za mvua ya Lafey. Nilipokigusa ili nimwongezee, niliondoa mkono haraka. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutoa malengelenge.

"Aabo, husikii moto?"

"Sisikii tangu lile jiwe," alisema. "Mimina chai, Aabo."

Nilimfunga bendeji. Sikulia. Niliona aibu, na hata aibu yenyewe niliiona kwa mbali, kama ya jirani.

Nilirudi kwa afisa kupinga ile ripoti, akakubali Aabo apimwe upya. Daktari alikuwa yuleyule, na swali lake lilelile. Aabo naye akajibu vilevile, kwa sauti ileile, mkono wenye bendeji ameuficha chini ya shali. Alhamdulillah, hakuna shida.

Nikamgeukia daktari. "Anasema tangu jiwe limpige, hasikii moto wala baridi. Anasema ameungua na hakujua. Naomba umdunge sindano uone."

Alifungua bendeji, akamdunga kidole kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Damu ilitoka. Aabo alikuwa akitazama nje ya dirisha, mbuzi wawili walikuwa wakigombania katoni, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Safari hii daktari aliandika mpaka akageuza ukurasa.

Aabo anajua Kiswahili cha mnada wa mifugo tu. Tulipotoka langoni akaniuliza, "Ulimwambia nini yule? Mbona maneno yako yalikuwa mengi kuliko yangu?"

"Nilimwambia Alhamdulillah, Aabo."

"Vizuri," alisema, akanipa mkono wa kulia nimvushe barabara. Niliushika kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa nilijua hausikii.