Leso Juu ya Mahindi

Juzi nikipita Cheptiret niliona trekta ikivuta ule mkanda mrefu wa magurudumu, wa kupandisha mahindi juu ya lundo, na harufu ya vumbi la mahindi ikanirudia puani.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa anaokota mahindi yaliyomwagika chini ya mkanda kama huo, kwenye yadi moja hapa Eldoret. Akina mama waliruhusiwa kuokota mashine ikiwa inazunguka tu. Ikizimwa, yaliyobaki chini yalikuwa ya mwenye yadi. Mimi nilikaa kwa magunia nikilinda githeri yetu ya mchana, mngurumo ukinitetemesha hadi meno.

Mchana mmoja niliona leso nyekundu ya Mama ikipanda pamoja na mahindi, polepole, hadi juu kabisa, kisha ikaangukia lundo. Nilicheka. Nilidhani ameirusha kunifurahisha.

Halafu mashine ikanyamaza. Nilivyojua, ilikuwa inanyamaza saa ya kula tu, kwa hivyo nikafungua githeri na kuweka maji ya kunawa. Watu walikuwa wanakimbia, nikadhani wana njaa.

Mzee wa geti alikuja akasimama mbele yangu, akiniziba nisione.

“Mama anakuja?” nikamuuliza.

“Wewe kula tu, mtoto wangu.”

Sasa najua leso ile alikuwa ameifunga kiunoni, na fundo la Mama halikuwa la kufunguka lenyewe. Siku hiyo sikujua. Nilikula nusu, nikamfunikia yake.