Kidude cha jeep ya bosi ndani ya minibus yetu

Jamani, nawasihi mimi karani wenu, neno hata moja lisimfikie bosi.

Leo tumeambiwa tuikimbie volkano. Minibus ya kazi ikagoma kuingiza gia, na mama yangu ameshaketi ndani!

Kwenye gereji imelala jeep ya bosi, injini imekufa. Nikachungulia namba za giaboksi: zinafanana.

Papa Fundi, mzee wa gereji yetu, akasita. "Mutoto, unachezea kazi yako."

"Papa, fungua tu."

Tukahamisha kidude cha umeme kinachobadilisha gia.

Minibus ikaondoka!

Kufika mtaa wa Ndosho, nani anatusimamisha? Bosi, na masanduku yake. Nikamfungulia mlango.

Akapanda, akasikiliza. "Gia laini hivi! Jeep yangu haiwezi."

"Ndiyo, Patroni."

Tumefika mji wa Sake, wote.

Mkinitafuta, msipige simu ya ofisi, iko mfukoni mwa bosi. Njooni uwanja wa kanisa, mumuulizie mama wa karani.