Kanga Iliyotakata

Kosa langu la kwanza pale bweni la misheni lilikuwa kufua kanga ya mama. Leo dukani nimenusa sabuni ya nazi, nikaikumbuka kanga hiyo. Mama aliifukiza udi kabla sijaondoka Kilwa, na bila kujifunika hiyo sikupata usingizi. Lakini nilitaka Sista anisifu, nikaisugua kwa sabuni ya nazi waliyojifunza kupika pale akina mama wa kijijini.

"Imetakata, mwanangu," Sista akasema.

Jioni niliianua, nikaiweka usoni.

"We, unanusa nini kama paka?" aliuliza mwenzangu wa bwenini.

"Udi."

"Udi gani? Si umeshaufua!"

Siku hizi ninayo kanga nyingine ya mama, niliyopewa baada ya arobaini yake. Hii siifui.