Mwanga Uliobaki Chupa Ikiwa Imefungwa

Mume wangu ni fundi wa maabara ya fizikia, na wenzake wamempachika jina la Bwana Glovu. Chombo chake ni mtungi wa chuma ulionyonywa hewa yote. Humo huingiza haidrojeni kidogo kutoka kwenye chupa ya gesi, kisha huirushia elektroni kwa bunduki maalumu iliyomo ndani mpaka molekuli zivunjike vipande viwili. Vipande hivyo hutoa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho haliuoni. Mashine ndiyo inayouhesabu. Miaka thelathini na moja namuuliza, mwanga usioonekana ni mwanga gani huo? Hucheka tu.

Lakini gusa ndani ya mtungi bila glovu uone. Atakusema mpaka utamani ardhi ipasuke ikumeze.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, alirudi nyumbani uso umemsawijika.

“Mama watoto, nimefunga chupa ya haidrojeni. Mwanga bado upo.”

“Si uzime mashine?”

“We mwanamke! Gesi hamna, mwanga wa gesi upo. Unatoka wapi?”

Nitajua wapi mimi? Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani. Vipimo vyote vya Daktari, mtafiti wa mtungi ule, binti ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi, vilikuwa mashakani. Kama mwanga ule hautoki kwenye gesi, wiki sita za kazi ya binti huyo zimekwenda bure.

Halafu akasema polepole, “Nilivua glovu.”

Wiki ile walipoufungua mtungi kabla ya vipimo kuanza, pete ya shaba ya kuzibia mfuniko haikukaa sawa, na kwa glovu hakuweza kuipapasa vizuri. Akatumia kidole kimoja. Alama ya kidole ina mafuta, na mafuta nayo yana haidrojeni. Elektroni zikiyapiga, mwanga ni uleule.

“Mimi, wa kufanya hivyo! Nitamwambiaje yule mtoto?”

“Mwambie tu,” nikasema. Rahisi kwangu, siyo?

Asubuhi alimwambia. Daktari akaangalia viatu vyake. Mume wangu akasafisha pale alipogusa, wakanyonya hewa upya, wakaupasha mtungi joto siku mbili nzima. Wakahesabu chupa ikiwa imefungwa. Mwanga ulipungua nusu. Nusu tu.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Kidole si kilikuwa kimoja? Akaanza kujitilia shaka: labda alishika na kwingine akasahau, labda ndiyo uzee wenyewe umeingia. Aliona aibu, aibu ya kumtoa mtu jasho. Mwishowe akavuta kitabu cha kumbukumbu za mtungi, aandike kwamba kosa lote ni lake, aondoke zake. Daktari akaangua kilio.

“Baba, usiandike. Kwenye bunduki ya elektroni niligusa mimi. Wiki ileile.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Nilikuogopa.”

Haya yote alinisimulia amekaa ukingoni mwa kitanda, kavua kiatu kimoja, kingine bado kimo mguuni. Nilitegemea atafoka. Wala. Alikuwa haelewi, basi.

“Yule nampenda kama mwanangu. Vipimo vyake vinaharibika anaviona, ananyamaza, eti ananiogopa mimi?” Akakitazama kiatu, akanitazama mimi. “Mama watoto, hivi mimi ni mtu wa kuogopwa?”

Niliinama, nikajifanya namfungua kamba za kiatu.