Titi Dogo la Sufi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayenirudishia pumzi kila alfajiri bila mimi kumdai, na namwombea rehema Mtume wake. Nikisha kumsifu Mola, nawaandikia wasichana, maana najua kinachowatisha zaidi ndicho wasichokisema.

Mimi ni bibi wa mtaa wa Isevya. Nafundisha Kurani watoto wa kike barazani kwangu, na wakiondoka nashona mashungi. Titi langu la kushoto lilikatwa kwa sababu ya saratani. Nilikuwa naoga kwa ajili ya Ijumaa nikagusa kitu kigumu kama kokwa ya zambarau. Hakikuuma. Nikasema kisichouma si ugonjwa, nikafunga nacho Ramadhani nzima. Idi ilipopita, ngozi juu yake ilikuwa na vishimo kama ganda la chungwa, ndipo nikaenda hospitali. Walichukua kinyama kidogo wakakipima, kisha nikapelekwa Mwanza. Nilifanyiwa upasuaji, nikatundikiwa dripu za dawa zilizoninyoa nywele bila wembe, halafu mionzi. Nilichoka sana, lakini nilipona, alhamdulillahi. Tangu hapo navaa titi la kitambaa nililoshona mwenyewe na kulijaza sufi. Kila Jumamosi nalianika pamoja na mito.

Naishi na mjukuu wangu, msichana ambaye wakati wa kisa hiki alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka jana, joto la kabla ya mvua likiwa limewakausha hata kuku midomo, alianza kushinda na sweta.

"Mke mwenzangu," nikamwita, kama mabibi tunavyowaita wajukuu wetu, "baridi hiyo umeinunua duka gani?"

"Nasikia baridi tu, Bibi."

Chakula akawa anakichokonoa. Sikumbana. Mtoto ukimvuta kwa nguvu, anafunga mlango.

Jumamosi moja nikaenda kuanua mito, titi langu halipo kambani. Nikamlaumu paka wa jirani. Kumbe mjukuu wangu yuko chumbani, sufi imemjaa nywele, titi langu liko mapajani kama kipimo, naye anashona jingine dogo, kama yai la kanga.

"Hilo la nani?"

"Langu." Machozi yakamshuka. "Nimeanza mapema, Bibi, ili wakinikata nisipate tabu."

Nikaketi sakafuni kando yake. Akanieleza. Alikuwa na kivimbe chini ya chuchu moja, nguo ikigusa kinauma. Wakati wa likizo, kwa shangazi yake kijijini Ntalikwa, yeye na wenzake walikamata bwawani kile kidudu cheusi kinachozunguka juu ya maji, wakakiacha kiwang'ate kifuani ili matiti yaote upesi.

"Kimenitia saratani. Au nimeirithi kwako."

Nilitaka kumgombeza, kicheko kikanitangulia. "Hata mimi kilining'ata! Bwawa hilohilo!"

"Wewe, Bibi? Mwalimu wa Kurani?"

"Nilizaliwa na shungi?"

Akanitazama, macho yamemtoka. "Sasa si ndicho kilichokupa saratani?"

"Nilikuwa na miaka kumi. Saratani imenikuta na wajukuu saba. Kidudu gani mvivu hivyo?"

Akacheka huku kamasi zinamtoka. Lakini kicheko changu si kipimo, na yeye alilijua hilo. Usiku hakulala vizuri. Jumatatu tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alinipa shikamoo, akamwomba mtoto ruhusa, akampima mimi nikiwa palepale. Kisha akatabasamu. "Unakua. Titi huanza hivyo, kama kifungo chini ya chuchu, na linauma."

"Mbona upande mmoja?"

"Huyo katangulia. Mwenzake yuko njiani."

Alimwambia kwamba kwa umri wake saratani ni nadra mno, na kwamba kidudu hakioteshi titi wala hakileti saratani, kinaleta kidonda. "Na bibi kuugua si hukumu juu yako. Ukiwa mkubwa, mweleze daktari wako habari zake." Akaongeza kwamba mtu mzima akiona uvimbe wa titi au kwapa usioondoka, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, asingoje, uwe unauma au hauumi.

"Asifunge nao Ramadhani," akasema mke mwenzangu, akinitupia jicho. Nikainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Nje ya lango alivua sweta, akalifunga kiunoni, akadai embe. Alikula matatu.

Jioni ile aliwasimulia wenzake barazani. Kumbe watatu walikuwa na kifungo kama chake, na kila mmoja alikuwa akilia peke yake. Nikatoa titi langu la sufi walishike wasiliogope. Likapita mkono hadi mkono, mwishowe wakalirusha kama mpira, nikalidaka likielekea kwa kuku. Hatujapata kusoma kwa furaha kama siku ile.

Lile dogo hatukulitupa. Lipo juu ya cherehani yangu, nimechomeka humo sindano zote.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe mwili wenye afya, ulimi usioona haya kuuliza, na mtu wa kucheka nawe njiani kwenda kupimwa. Amina.